Amejuaje?

Mwenyekiti, wasomaji wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii.

Niliombwa nizungumzie vitabu nilivyosoma karibuni, vile visivyo vya kubuni. Nilipokaa kuandaa maneno yangu nikaona siwezi kufika kwenye vitabu kabla sijaungama jambo moja. Basi niungame kwanza, tupumue.

Kwa miaka kama miwili hivi nilikuwa na kisa nilichokipenda mno. Nilikisimulia kazini, nikakisimulia kwa ndugu, na mara moja nilikisimulia nikiwa nimesimama mbele ya watu kama hivi. Kinahusu wanafunzi wa chuo kikuu jijini New York. Waliingizwa chumbani mmoja mmoja, wakapewa maneno yaliyovurugwa, wakaambiwa wayapange yawe sentensi. Baadhi yao, bila kushtuka, walipewa maneno yanayonukia uzee: mvi, makunyanzi, upara, usahaulifu. Walipomaliza wakaambiwa waende zao. Kumbe jaribio lenyewe lilikuwa nje, kwenye korido. Mtu alikuwa ameketi na saa aliyoificha, anapima kila mmoja anatumia muda gani kufika mwisho. Waliopanga maneno ya uzee walitembea polepole kuliko wenzao.

Tamu, sivyo? Nami nilikuwa nikifika hapo natembea hatua mbili tatu za kikongwe, mkono kiunoni, watu wanacheka. Kisha nasema kwa sauti nzito: mnaona akili ya mwanadamu ilivyo?

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996. Mimi sikuusoma huko. Nilikutana nao katika sura ya 4 ya Thinking, Fast and Slow, kitabu cha Daniel Kahneman kilichotoka mwaka 2011, na sura hiyo haikuuleta kwa kusitasita. Kahneman alimweleza msomaji waziwazi kwamba matokeo ya aina hii hayakutokea kwa bahati, na kwamba hana budi kuyakubali. Huyu ni mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mtu kama huyo akikwambia huna budi, wewe nani ubishe? Nikakubali. Tena nikakubali kwa furaha, maana kisa kilikuwa kizuri, na kisa kizuri hakiombwi kitambulisho mlangoni.

Mapema mwaka 2012, kitabu kikiwa bado kinanukia wino, watafiti wa Brussels walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio lile. Badala ya mtu mwenye saa mkononi, waliweka vifaa vinavyopima mwendo kwa miale isiyoonekana. Mwendo haukupungua. Kisha wakafanya jambo la werevu: katika awamu nyingine waliwageukia wapimaji wenyewe, wakawaaminisha baadhi yao kwamba washiriki watatembea polepole. Hapo ndipo upolepole ulipojitokeza.

Habari hii nilikuja kuisoma kwa kuchelewa sana. Nilikifunika kitabu, nikaanza kuwahesabu watu niliowasimulia. Nilipofika wa ishirini na kitu nikaacha.

Sasa, sikusimama hapa kumsema Kahneman. Mwaka 2017 aliandika hadharani kwamba katika sura ile aliuamini kupita kiasi utafiti uliofanywa kwa watu wachache mno. Wakubwa wangapi mnawajua waliosema "nilikosea" kuhusu kitabu kilichowapa jina? Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na yeye mwenyewe aliliona. Mwaka 1971, miaka 40 kabla ya kitabu hicho, yeye na rafiki yake Amos Tversky walichapisha makala kuhusu kosa hilohilo: kwamba wanasayansi, hata wale waliobobea katika takwimu, hushawishika upesi mno na sampuli ndogo. Aliyechora ramani ya shimo ndiye aliyetumbukia shimoni. Kahneman alifariki mwaka 2024, na kitabu changu bado kiko rafuni. Sikukitupa, kwa sababu yale anayoeleza kuhusu uchungu wa kupoteza kuzidi utamu wa kupata yana msingi wa kazi yake mwenyewe ya miaka mingi, na nimeyaona yakinifanya mjinga mara nyingi kiasi cha kutosha.

Kilichobadilika ni swali langu. Zamani nilisoma nikiuliza: anasema nini? Nilikuwa kama mtu wa kuokota maembe: lililoanguka natia kikapuni. Siku hizi nikifika penye jambo linalonifanya nitake kumpigia mtu simu nimsimulie, nasimama, nachukua penseli, naandika pambizoni neno moja: amejuaje?

Kitabu kilichonifundisha utamu wa swali hilo ni The Ghost Map cha Steven Johnson, cha mwaka 2006. Kinahusu siku chache za mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba 1854, eneo la Soho jijini London, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Wakati ule karibu kila mkubwa wa mambo ya afya aliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Tusiwacheke. Uvundo ulikuwepo, vyoo vilifurika chini ya nyumba, na penye uvundo ndipo watu walipokufa. Pua yenyewe ilikuwa shahidi. Daktari John Snow hakuridhika. Kazi yake ya kila siku ilikuwa nusukaputi, na mwaka uliotangulia ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua. Mtu anayeshinda akipima gesi anajua kwamba gesi ikitawanyika hupungua nguvu. Itawezaje hewa ile ile imuue mtu wa chumba cha juu na kumwacha wa chumba cha chini?

Kama mmewahi kulisikia jina la Snow, nadhani mmelisikia pamoja na ramani. Hadithi husimuliwa hivi: daktari alichora ramani, akaweka alama kwa kila maiti, akatazama, akaona alama zimezunguka pampu moja ya maji, akang'oa mpini, watu wakapona. Nami niliijua hivyohivyo. Lakini Snow alikuwa ameshachapisha kijitabu tangu mwaka 1849 akidai kwamba ugonjwa huu hupita kwenye maji. Ramani ile maarufu aliionyesha baadaye, mpini ukiwa umeshaondolewa. Ilikuwa ya kuwashawishi wengine. Ile wiki ya mauti yenyewe alikuwa na orodha ya waliokufa, miguu, na maswali ya kugonga mlango kwa mlango.

Na maswali yenyewe! Mimi ningehesabu waliokufa karibu na pampu ya Broad Street, ningeona ni wengi, ningeridhika na kurudi nyumbani. Snow aliwatafuta watu wanaomharibia hesabu. Kulikuwa na nyumba ya maskini jirani yenye watu 535. Kwa hali ya mtaa ule wangekufa kwa mamia, walikufa 5. Kumbe nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Kulikuwa na kiwanda cha bia mtaa huohuo, wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Akaenda kumuuliza mwenye kiwanda. Jibu: vijana hawa hupewa kinywaji cha kiwandani, na anaamini maji ya pampu hawayagusi kabisa.

Halafu kuna mjane. Huyu alikufa kwa kipindupindu akiwa Hampstead, mbali na Soho, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Mpwa wake, mkazi wa Islington, naye akafa, na kwake pia hapakuwa na ugonjwa. Ukiwa mtu wa hewa mbaya, hawa wawili utawaacha kando, utasema ni mambo ya Mungu. Snow aliwafuata watoto wa mjane. Wakamweleza kwamba mama yao aliwahi kuishi Broad Street na aliyapenda mno maji ya pampu ile, yalisifika kwa kung'aa na ubaridi, hivyo kila siku mkokoteni uliotoka huko ulimpelekea chupa. Chupa ya mwisho ilitekwa siku ya Alhamisi tarehe 31 Agosti. Akanywa. Mpwa alikuja kumtembelea, naye akanywa. Jumamosi mjane alikuwa maiti.

Niliposoma hapo nilikiweka kitabu kifuani nikatazama dari. Mwanamke mmoja na chupa ya maji aliyoagiza kwa sababu ya mapenzi tu, na ushahidi wake unazidi maiti mia za jirani na pampu. Pambizoni mwa ukurasa ule sikuandika "amejuaje". Niliandika "ahaa".

Kuna mtu wa pili katika kitabu hicho ambaye nampenda hata kuliko Snow. Ni Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa miaka 28, ambaye waliokufa walikuwa waumini wake aliowajua kwa majina. Alisikia habari za pampu akaona ni upuuzi. Akaamua kuchunguza ili auzime uvumi. Nyumba nyingine alizirudia mara nne, mara tano, akiuliza nani alikunywa nini. Kila aliporudi, msimamo wake ulipungua unene. Mwishowe ni yeye, mpinzani, aliyepata kilichokosekana: mtoto wa miezi mitano katika nyumba nambari 40, mlango mkabala na pampu, aliyeugua kuhara kabla ya wengine wote. Mama yake alisema alikuwa akiloweka nepi, na maji mengine aliyamwaga kwenye shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Walipochimba wakakuta matofali ya shimo yameoza, na kutoka hapo hadi kisima cha pampu hazifiki sentimita 90.

Na mpini? Uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati vifo vilikuwa vinashuka tayari kwa sababu watu wengi walishakimbia. Snow mwenyewe alikiri hivyo. Ila siku hiyohiyo baba wa yule mtoto ndiyo kwanza anaanza kuugua, ndani ya nyumba ileile yenye shimo lilelile. Jumlisheni wenyewe. Johnson anaieleza sehemu hii vizuri sana. Kurasa zake za mwisho kuhusu mustakabali wa miji ya dunia nilizipita mbio, nitasema ukweli. Pale hana mjane wala chupa, ana maoni, na maoni hata mimi ninayo.

Kitabu cha tatu nitakigusa tu. The Checklist Manifesto cha Atul Gawande, cha mwaka 2009. Anasimulia jinsi karatasi moja yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji, ilivyojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, kuanzia Ifakara hadi Seattle, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele nilichokipenda ni kile kinachowataka watu wote chumbani watajane majina na kazi zao, maana mara nyingi wanaompasua mtu hawajuani. Nikaenda mbele kidogo ya kitabu. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Canada, ambako karatasi hiyo ilienezwa kote. Punguo la vifo la kutosha kuthibitika halikuonekana. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya watu wanaoisoma karatasi kwa sababu wameielewa na watu wanaoitia vema kwa sababu wameagizwa, lakini hayo ni ya kwangu, msiyachukue kama ya Gawande. Ninachosema ni kwamba mwandishi hufika mahali akaweka nukta, akapeleka kiwandani. Wanaopima hawaweki.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho swali langu lilinigeukia.

The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot kilitoka mwaka 2010, baada ya kumchukua mwandishi kama miaka 10. Henrietta Lacks alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Daktari alikata kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, kikapelekwa maabara ya George Gey. Henrietta alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake hazikufa. Zilijizidisha mara mbili kila baada ya saa 24 hivi, zikaenea maabara za dunia nzima kwa jina la HeLa, zikatumika kupima chanjo ya polio, zikapelekwa hadi anga za juu. Familia haikujua lolote kwa zaidi ya miaka 20.

Nilikianza kitabu hiki penseli mkononi, kama polisi. Amejuaje, amejuaje. Na Skloot hakunisumbua hata kidogo. Anajionyesha akipiga simu zisizopokewa, akisubiri, akikaripiwa na watu ambao kwa haki kabisa walishachoka kuulizwa na wageni. Unajua kila kitu amekitoa wapi, maana uko naye njiani.

Kisha nikafika kwa Mary Kubicek. Huyu alikuwa msaidizi wa Gey, ndiye aliyevikata vile vipande na kuviweka kwenye mirija. Henrietta alipokufa, Mary alitumwa chumba cha maiti akachukue sampuli nyingine. Hakutaka kuutazama uso. Macho yakamwangukia miguuni, akaona kucha zimepakwa rangi nyekundu, rangi imebanduka banduka. Nusura azimie. Ndipo ilipomwingia kwamba seli alizokuwa akizihudumia kwa miezi yote ile zilitoka kwa mtu, mwanamke aliyekaa kitandani siku moja akainama akapaka kucha zake.

Penseli yangu ilikuwa juu ya ukurasa. Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili, a na m. Nikaacha. Jibu nilikuwa nalo: Mary mwenyewe alimsimulia mwandishi. Lakini swali langu, ambalo nilijivunia nalo tangu aibu ya wanafunzi wa New York, ndilo hilohilo ambalo maabara ile ilikuwa ikiuliza kila siku kwa bidii na uaminifu. Tumejuaje? Tumehakikishaje? Walihakikisha vizuri sana. Sayansi ile ilikuwa safi. Aliyekosa kuulizwa ni mwenye seli.

Na mambo hayakuishia kwake. Miaka ya 1970 watafiti walikuja kuchukua damu ya watoto wake, ili iwasaidie kuzitambua seli za mama katika maabara ambako zilishachanganyika na nyingine. Binti yake, Deborah, hakuelewa hivyo. Alidhani anapimwa kama ana saratani iliyomuua mama yake, akabaki anasubiri majibu ambayo hayakuwahi kuwepo. Sijui kama nimesoma sentensi nzito kuliko hiyo mwaka huu. Mwaka 2023 familia ilifikia makubaliano na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikiuza seli hizo. Deborah hakuyaona. Alifariki mwaka 2009, hata kitabu chenyewe hakukikuta kimetoka.

Kwa hiyo siku hizi penseli yangu ina kazi mbili. Pambizo ya kushoto naandika lile la zamani. Ya kulia naandika: na yeye, alijua? Yule mama wa nyumba nambari 40, je, kuna mtu aliyemweleza maji ya nepi zake yalifanya nini? Nimekirudia kitabu cha Johnson nikikitafuta kipande hicho. Wale wanafunzi waliotembea koridoni, walijisikiaje walipoambiwa walikuwa wakipimwa? Kuna kurasa ambazo pambizo ya kulia imejaa kuliko ya kushoto, na rafiki yangu mmoja aliyeazima ananiambia imekuwa kero, hawezi kusoma kitabu bila kunisikia nikinong'ona sikioni.

Mwenyekiti ananitazama saa. Namalizia.

Vitabu vyote vinne viko pale mezani, mnaweza kuvichukua na kuvirudisha mkutano ujao. Atakayechukua cha Kahneman atakuta sura ya 4 imekwaruzwa vibaya, mpaka karatasi imetoboka mahali pamoja. Hiyo ni hasira yangu, msiifute. Atakayechukua cha Skloot aende mbele, pale Deborah anapoingizwa maabara kwa mara ya kwanza, mwaka 2001. Anakabidhiwa kichupa kilichotoka kwenye friza, ndani mna seli za mama yake. Anakishika kwa viganja viwili, anasema mama ana baridi, anakipulizia pumzi ili kimpashe joto. Pambizo za ukurasa huo ziko tupu, zote mbili.